Nilivyoifunika Paneli ya Mjomba Athman

"Wewe umejuaje kama haifanyi kazi, nawe ndiwe uliyeifunika?"

Mama aliniuliza swali hilo leo mchana, mbele ya umati wa watu walioshuka feri upande wa Likoni, na sikuwa na jibu. Mimi! Mtu niliyeitwa Bi Kwanini tangu utotoni kwa kuwachosha wakubwa na maswali. Leo nimeadhirika, jamani. Na kabla hamjaanza kunipa pole, jueni kwamba hasira ninayo nyingi kuliko aibu. Nawaandikia hapa kundini nikiwa chumbani, mlango nimeufunga kwa komeo, na mabega yananiuma kwa kusukuma.

Nianze mwanzo.

Mjomba wangu Athman, kaka yake Mama, alistaafu kazi ya bandarini na juzi juzi akanunua tuktuk ya umeme. Hilo sina ugomvi nalo. Tuktuk ya umeme haina moshi, haina kelele, na ukiichomeka nyumbani hadi betri ijae, unafanya kazi yako vizuri. Ugomvi wangu ni paa lake. Juu ya paa kumefungwa paneli ya sola, na wakala aliyemuuzia, kijana mmoja anayeitwa Nassor, alimwambia hatahitaji kuichomeka popote. Ikitembea itajichaji. Ikisimama itajichaji. "Jua la Mombasa, mzee wangu, ni petroli ya bure."

Mjomba akaamini. Kijana ana shati lililopigwa pasi, anatoa shikamoo kwa kuinama, na kila sentensi anaifunga kwa inshallah. Ukiwa na sifa hizo kwetu unaweza kumuuzia mtu bahari.

Mimi nimesoma fizikia chuo kikuu. (Kazi yangu kwa sasa ni kuwafundisha hesabu watoto wa jirani hapa Junda, Kisauni. Lakini sheria za fizikia hazikusimamishwa kwa kuwa mimi sijaajiriwa.) Nikamfuata Mjomba barazani kwake, nikamweleza kwa adabu zote. Paa la tuktuk ni dogo. Paneli inayoenea hapo ni ndogo. Imelala chali, haikuelekezwa juani. Ukipita chini ya mti, kivuli. Ukisimama ubavuni mwa ghorofa, kivuli. Ukiianika siku nzima, tena jua liwe limekasirika, labda utapata umeme wa kukufikisha Kongowea.

"Kongowea yatosha," akasema Mjomba.

"Kurudi utasukuma, Mjomba. Paneli ni kitu kizuri, lakini mahali pake ni juu ya nyumba. Huko utaweka nyingi, utazielekeza juani, kisha uichaji tuktuk kutoka hapa nyumbani."

"Nyumba yangu itanifuata barabarani?"

"Haina haja ya kukufuata. Betri ndiyo..."

"Basi! Paneli yangu yanifuata."

Wazee wenzake barazani wakacheka mpaka mmoja akamwaga kahawa. Ndivyo hoja zinavyoshindwa kwetu. Hazijibiwi, zinachekwa.

Na tuktuk kweli ilikuwa ikitembea, hilo ndilo lililoniudhi. Mjomba alizunguka nayo msikitini, dukani, kwa fundi wa kanzu, bila kuichomeka, na kila akipita dirishani kwangu anapiga honi. Nikamwambia Mama: ile ni betri iliyotoka kwa wakala ikiwa imejaa, Mjomba anaila kidogo kidogo, anadhani anakula jua. Mama akanitazama kama anayesikiliza redio ya jirani.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo penye uchungu wangu. Mama naye anataka tuktuk kama ile. Ameamka na kukaanga mahamri alfajiri miaka yote ya maisha yangu, na mgongo umeanza kumkataa. Mpango wake ni kuichukua kwa Nassor huyo huyo, ampe dereva, yeye apumzike. Na cha kutoa ni bangili zake mbili za dhahabu alizoachiwa na nyanya yangu. Hana akiba nyingine. Hana hata kidani. Nilipomwona amezivua, anazifuta kwa pindo la leso ili zipendeze kwa sonara, nilihisi kama kuna mtu anamwibia mbele yangu na mimi natakiwa nimfungulie mlango.

Tulibishana siku kadhaa. Nilichora michoro. Mama akafungia mahamri kwenye michoro. Mwishowe akachoka.

"Haya, Rukia. Jumamosi Athman yuwapeleka begi la Swaleh huko Likoni kwa tuktuk ile ile, na amekula kiapo hataichomeka. Ikenda ikarudi kwa jua lake, mimi kwa sonara. Ikishindwa, bangili zangu zinarudi sandukuni na huyo Nassor sitaki kumsikia. Umeridhika?"

"Nimeridhika, Mama."

"Hutanisumbua tena?"

"Sikusumbui tena."

Niliridhika kweli! Huo ulikuwa mtihani wa haki, na majibu nilikuwa nayo tayari. Kilichobaki kwangu ni kukaa kitako na kungoja.

(Kukaa kitako. Kazi rahisi kuliko zote duniani. Imenishinda.)

Kwa wale msio wa pwani: Swaleh ni mtoto wa Mjomba, na anaoa Likoni. Kabla ya harusi, upande wa mume hupeleka begi, yaani masanduku ya nguo, viatu, manukato na kila atakachovaa bibi harusi. Wanawake ndio wanaolipeleka, kwa nyimbo na vigelegele, na mtaa mzima wa bibi harusi hutoka kutazama limekuja kwa chombo gani. Ndiyo maana Mjomba alitaka lifike kwa tuktuk yake.

Leo basi. Uani kwa Mjomba kulijaa akina mama wamejipaka wanja na udi unafuka. Tuktuk imeoshwa inang'aa. Nikachungulia kioo cha betri pale mbele ya dereva: chini ya nusu. Moyo wangu ukaruka kwa furaha. (Ndiyo, nilifurahi. Siku ya furaha ya binamu yangu nilikuwa naombea chombo cha begi kife njiani. Mnihukumu taratibu.)

Mara akatoka Bi Zuhura, mkaza mjomba wangu, yaani mke wa Mjomba, mama wa bwana harusi. Akaizunguka tuktuk, akashika kiuno.

"Hivi ndivyo itakavyotoka? Tupu, kama yaenda kuchukua makaa? Chombo cha begi kwetu huvishwa leso! Rukia, wewe ndiwe mrefu, ndoo upande."

Nikaja. Nikapanda juu ya kigoda. Nikapewa leso mpya, nyekundu kwa nyeupe, gora zima, jina lake "Mwenye macho haambiwi tazama." Nikazitandaza juu ya paa moja baada ya nyingine, nikazifunga pembe kwenye vyuma, nikazinyoosha mikunjo. Nilifanya kazi nzuri. Ningekuwa mpambaji, leo ningepata wateja.

Mama mmoja jirani akauliza kutoka chini, "Na hicho kioo cha juu, hakidhuriki?"

Hapo ndipo nilipojichimbia. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema "la." Lakini mimi nikasimama juu ya kigoda, mkono kiunoni kama Bi Zuhura, nikasema kwa sauti ya kufika jikoni:

"Funikeni tu! Hicho ni pambo!"

Wote wakacheka. Nikajiona mjanja wa Kisauni nzima.

Mjomba akatoka na kanzu yake mpya. Akaiona tuktuk imevikwa, vigelegele vikapigwa, akafuta machozi kwa ncha ya kilemba. Hakufikiria paneli. Mama hakufikiria paneli. Hakuna hata mtu mmoja pale aliyefikiria jua, na mimi, niliyeshinda wiki nzima nikilihubiri, ndiye niliyekuwa nalifunga pembe kwa mafundo mawili ili upepo usilifunue.

Tukatoka. Mjomba mbele, nyuma Mama, Bi Zuhura na mimi, masanduku mapajani. Akina mama wengine wakatufuata kwa tuktuk za petroli, wakipiga vigoma na kuimba. Mimi sikuimba. Nilikuwa nakodolea macho kile kioo cha betri kama mtu anayetazama penalti. Daraja la Nyali tulilipanda kwa heshima. Mjini foleni ilitukalisha. Tulipofika foleni ya feri, kioo kimeanza kuwaka chekundu.

"Mama, tazama kile."

"Nimeona. Bado yatembea."

Mjomba akageuka, jasho linamtiririka, uso umejaa imani. "Tumesimama juani, msiwe na wasiwasi. Sasa hivi yanywa."

Yanywa! Chini ya gora zima la leso! Na mimi msomi nikageuza uso nicheke, nikidhani ujinga ulioko humo ndani ni wa Mjomba peke yake.

Feri ikavuka. Mlango ukashuka upande wa Likoni. Mnaopajua mnajua ule mwinuko wa kutokea, ulivyosimama, na watu wa miguu wanavyomiminika pande zote. Mjomba akasema bismillahi. Tuktuk ikapanda. Ikaguna. Ikapanda tena kidogo. Kisha ikanyamaza, na polepole, kwa adabu kubwa, ikaanza kurudi nyuma.

"Breki! Athman, breki!"

"Nimeshika, nyamazeni!"

Lori nyuma yetu likapiga honi. Magari yote ndani ya feri yakaitikia. Tukaruka chini sisi watatu na buibui zetu, tukaweka mabega. Akina mama wa nyuma wakashuka kuja kusaidia, wimbo ukakatika, na Bi Zuhura akapiga ukelele kuliko honi ya lori:

"Wimbo usikatwe! Begi haliingii Likoni kimya kama jeneza!"

Basi tukasukuma huku tukiimba. Mstari mmoja kusukuma, mstari mmoja kuhema. Kijana mmoja aliyebeba mkoba wa kazi, kwa lafudhi si wa huku, akatusaidia kusukuma huku akitutia maneno.

"Madam, stima imeisha ama? Si mngenunua tokeni?"

Aibu? Hapana! Hapo bado nilikuwa nashangilia. Jasho linaingia machoni, kiatu kimoja kimebaki nyuma, na rohoni nasema: bangili zimepona. Tulipoifikisha juu na kuiweka kando ya njia, sikungoja hata pumzi irudi. Nikamgeukia Mama.

"Umeona? Umeona, Mama? Nilikwambia nini?" Watu wakasimama kutazama, nami nikaona nina darasa, nikaendelea. Nikaeleza ukubwa wa paa. Nikaeleza vivuli. Nikaeleza mahali pa paneli ni juu ya nyumba na kwamba kuiweka juu ya chombo kidogo ni sawa na kujaza pipa kwa kijiko. Yule kijana wa mkoba akatikisa kichwa kukubali. Mama akazishika bangili za mkono mmoja kwa mkono wa pili. Niliona anaanza kukubali. Wallahi niliona.

Mjomba akatoa simu, akampigia Nassor, akaweka sauti ya nje ili sote tusikie.

"Nassor! Tuktuk imezima Likoni, mbele za watu, na begi la mwanangu!"

"Pole, mzee wangu. Subira. Hebu niambie, paneli iko wazi? Haina kitu juu yake?"

Wote, kama tulioambizana, tukainua macho juu ya paa. Leso nyekundu kwa nyeupe. Zimenyooka. Hazina hata kunyanzi moja.

Yule kijana wa mkoba ndiye aliyeanza. "Ai! Kumbe mmeivalisha nguo! Hata mimi ukinifunika gunia sifanyi kazi!"

Kicheko kikapasuka kutoka juu ya mteremko hadi chini kwenye feri.

"Nani aliyeifunika?" akauliza Mjomba.

Bi Zuhura ni mtu wa kweli, hasemi uongo hata wa kumfaa. Yeye ndiye aliyeagiza leso, lakini hakuulizwa nani aliyeagiza. "Rukia," akasema.

"Na akasema ni pambo," akaongeza yule jirani. (Asante sana, jirani. Mwanao aje tena kwangu na hesabu zake za sehemu.)

"Hata ingekuwa wazi," nikaanza, "hata ingekuwa wazi tangu asubuhi, isingeweza..."

"Dada," Nassor akasema ndani ya simu, nasikia kabisa anatabasamu, mwizi yule, "paneli haioni gizani. Hiyo hata mtoto anajua."

Hata mtoto anajua! Ananifundisha mimi! Mtu aliyemdanganya mzee wa watu kwamba hatachomeka betri maisha yake yote, sasa amepewa ushindi wa bure, na aliyempa ni mimi. Nilitaka kuichukua ile simu niitupe kwenye maji.

Mjomba akanitazama. Hakufoka, na afadhali angefoka. "Rukia, ulinichukia kiasi hicho? Ulitaka nidhalilike siku ya mwanangu?"

"Mjomba, wallahi sikukusudia. Sikufikiri."

"Wewe? Hukufikiri?"

Na hapo ndipo Mama akauliza lile swali lake. Polepole, bila hasira, kama anayeuliza chumvi iko wapi. Umejuaje kama haifanyi kazi, nawe ndiwe uliyeifunika?

Kinachonichoma ni kwamba swali lilikuwa la haki. Hesabu zangu ni sahihi, nitazitetea popote. Lakini mtihani ulikuwa mmoja, Mama ndiye aliyeutunga, na mimi niliufunika kwa mikono yangu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akifanya hivyo maabara hufukuzwa nje. Nilikuwa na uhakika kiasi kwamba nilisahau kuacha paneli ishindwe yenyewe!

Mengine nitayafupisha. Begi likahamishiwa tuktuk ya petroli. Tuktuk ya Mjomba ikafungwa kamba, ikakokotwa nyuma yake, na leso zake zote, kama bibi harusi anayelazimishwa. Kwa bibi harusi habari zilishafika kabla yetu. Nikampa mkono nyanya yake mlangoni.

"Shikamoo, nyanya."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiwe uliyelifunika jua?"

Nilikula biriani nimetazama ukuta.

Kurudi tulipanda tuktuk ya petroli, mimi na Mama. Tulipofika karibu na Kisauni ndipo nilipopata ujasiri.

"Mama, turudie. Wiki ijayo tuiache wazi, betri iwe vile vile, twende tena Likoni."

"Athman hatakupa hata uiguse."

"Basi subiri mwezi mmoja tu. Mwezi mmoja, Mama."

"Rukia, nilikupa nafasi yako. Ungekaa kitako tu." Akavuta buibui kichwani, akatazama nje. "Jumatatu nenda nami kwa sonara. Usipotaka, nitakwenda peke yangu."

Sijui kama nitakwenda. Nikienda nitagombana na sonara, ambaye hana kosa. Nisipokwenda, atavua bangili za mama yake mbele ya mtu asiyemjua.

Kwa hiyo somo la leo, kwa wote wenye akili nyingi: ukijua kitu kitaanguka chenyewe, weka mikono yako mfukoni. Na tafadhali msicheke kwa sauti, Mama yumo humu kwenye kundi na hajalala.

*

Nyongeza, baada ya masika. Naona kisa hiki bado kinatembea, na kuna watu Changamwe nisiowajua wananiita Bi Leso. Basi mwisho wake ni huu. Kwa sonara nilikwenda, nikamshikia Mama mkoba. Tuktuk yake ipo, na kila jioni anaichomeka ukutani bila kuniangalia, nami simuulizi kitu. Juma lililopita paa la tuktuk ya Mjomba lilivuja, akaja fundi akalifungua kwa ndani. Waya wa paneli ulikuwa umekunjwa vizuri, umefungwa kwa utepe na kusukumiziwa pembeni. Haukuwa umeunganishwa na betri, tangu siku iliponunuliwa.